Samahani Niliyoipeleka Mlalo

Nilikwenda Mlalo kumwomba radhi msichana niliyemharibu kwa mafundisho yangu. Niliseme hilo mapema, maana mtu akisikia nimepanda Usambara hudhani nilikwenda kupunga upepo.

Mimi ni mwalimu wa vijana katika usharika mmoja wa Muheza, na ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Kwa miaka kadhaa nilifundisha kwamba imani na mbio ni kitu kimoja: kuamka kabla ya jua, kurudia yale yale kila siku, kuendelea pale mwili unapokataa. Vijana walipenda kunisikiliza. Mimi nilipenda zaidi kujisikiliza. Kwaresima iliyopita nikaongeza la kwangu, tukimbie tukiwa tumefunga. "Mwili ni mwongo," niliwaambia. "Ukidai chakula, ongeza mwendo." Wajanja walikunywa uji nyuma ya jengo. Agnesi, aliyekuja Muheza kusomea ushonaji, aliniamini. Siku ya tatu bila maji alianguka kilimani, na daktari akasema figo zimeumia. Mama yake alipokuja kumchukua alinishukuru kwa malezi. Alinishukuru!

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilipanda basi hadi Mombo, kisha gari la kupandisha milimani. Kila kona niliona mteremko ambao zamani ningeutamani kwa mazoezi, nikajichukia. Soni tuliposimama, akina mama walileta karoti na maparachichi madirishani. Nikanunua maparachichi mfuko mzima, utadhani figo hulipwa kwa matunda.

Lushoto nilibadili gari, na saa kumi jioni nikawa Mlalo, ukungu ukishuka. Mama Agnesi alinipokea mlangoni.

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu!"

"Amina. Mama Agnesi, nimekuja kuomba..."

"Aa, mgeni hasemi amesimama. Pole na safari. Kaa kwanza, ule."

Yakaletwa makande ya moto. Agnesi akaja na maji ya kunawa, akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu." Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimetokeza, na uso umevimba chini ya macho. Akaninawisha, akarudi jikoni. Hakula nasi.

"Anafunga," mama yake alisema, tena kwa fahari. "Daktari amemkataza, lakini mwenyewe anasema alianguka kwa kuwa imani ilikuwa ndogo. Sasa anaikuza."

Nikaweka kijiko chini. Nikasema yote pale pale. "Mama, mwenye kosa ni mimi. Nilimfundisha uongo, na uongo huo ndio uliomwumiza."

Akanitazama, machozi yakamlenga. Nilidhani sasa atanitukana, na Mungu anajua nilitaka anitukane.

"Agnesi!" akaita. "Njoo usikie Mwalimu anavyojishusha. Huu ndio unyenyekevu."

Jumapili mwinjilisti aliniomba nisalimie ibadani. Nikasimama nikasema kwamba hata mkimbiaji hunywa maji njiani, kwamba imani ni neema wala haina mshindi, na kwamba nimemwumiza mtoto wao. Kanisa zima likaitika, "Amina!" Mwinjilisti akashukuru kwa ushuhuda mzito. Nje, kwenye mnada wa sadaka za mazao, mtu mmoja aliyekumbatia kabichi aliyoshinda mnadani akaniomba nirudi kufundisha vijana wao. Niliwakasirikia sana. Kisha nikakumbuka kwamba kuitikia bila kuuliza ndiko nilikokuwa nikikutaka siku zote, na hasira ikanirudia mwenyewe.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Agnesi alinisindikiza hadi stendi. Alikataa katakata nibebe begi peke yangu, akang'ang'ania mpini mmoja. Alitweta kwenye kilima ambacho mwaka jana angekipanda akiimba. Nikasimama. Sikuona njia nyingine ila ile ile mbaya, nikatumia ualimu wangu.

"Agnesi, hili ni agizo. Kuanzia leo hufungi tena. Unakula, unakunywa maji, unarudi kwa daktari."

"Sawa, Mwalimu." Alikubali upesi mno, nikaumia. "Nile mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kila mara kiasi gani?"

"Mpaka ushibe, mwanangu."

Akafikiri kwa makini, kama mwanafunzi anayetaka kulishika somo jipya vizuri. "Mwalimu, nitajuaje kama nimeshiba?"

Kule stendi gari lilikuwa likipiga honi. Nikamwambia nitampigia simu kila siku wakati wa chakula. Akatabasamu, mara yake ya kwanza tangu nifike, nami nikateremka milima hadi Mombo nikiwa nimegeuzia uso dirishani ili abiria wasinione.

Nilichojifunza ni hiki: Kwaresima moja ilinitosha kumtoa mtoto katika mwili wake mwenyewe, na sijui njia ya kumrudisha. Amesharudi kwa daktari, kwa sababu nilimwagiza. Kila siku saa saba mchana napiga simu Mlalo. Namsikia akitafuna, kisha ananyamaza, ananiuliza kama aongeze au aache. Nami, nikiwa Muheza, namwamulia.