Ng'ombe wa Mama Paskalina

Ipo siku haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Ilikuwa jioni ya masika, nimerudi nyumbani, kijijini kwetu Daudi, kutoka kazini, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo tope la kwetu halikuviheshimu hata kidogo, na kichwa kimenijaa sifa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anakamua. Kabla hajamaliza kukamua aliniuliza swali dogo, na swali hilo limenifuata mpaka leo nimekuwa bibi kizee.

Nimelikumbuka juzi, ulipoketi hapa na kompyuta mapajani ukinieleza kazi uliyopata. Ulisema mnachukua taarifa za serikali zilizolala huku na huku, za uzazi, za kliniki, za shule, za mifugo, za misaada ya kaya maskini, mnaziunganisha ili mfuate maisha ya mtu tangu utoto mpaka utu uzima. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, je, alimaliza shule? Yule ambaye nyumba yao ilifukiwa na tope la mlimani pale Jorodom, Hanang, akishakuwa mtu mzima atakuwa na afya, atakuwa na kazi, atakuwa na amani? Nilikusikiliza nikitabasamu, ukadhani bibi haelewi, ukaanza kunirudia polepole kama unamwelekeza mgeni njia. Mwanangu, kazi hiyo niliifanya kabla mama yako hajazaliwa, kwa penseli na kifutio.

Manyara ilikuwa bado haijawa mkoa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na msichana wa kidato cha nne wakati ule watu walitoka nje kumtazama. Ofisi ya wilaya ikaniajiri. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mtu wa haki, sitamsema vibaya, ila alipenda karatasi kuliko watu kwa sababu karatasi hazimpigii kelele. Alitaka kujua kwa nini watoto wa sehemu fulani huacha shule mapema. Akanirundikia mezani kadi za kliniki, rejesta za shule, na madaftari ya majosho, ambamo ng'ombe wa kila nyumba huandikwa wanapoletwa kuogeshwa dawa ya kupe. Kazi yangu ilikuwa kumfuata mtoto: huyu alipimwa hapa, akasoma pale, na kwao wana mifugo kiasi gani.

Kazi ile ilinifungua macho, nisikudanganye. Kulikuwa na familia za ng'ambo ya korongo tulizozoea kuziita za wavivu. Hata bibi yangu, mwanamke mwenye akili zake, alikuwa akisema watoto wao huzaliwa wamechoka. Karatasi zilipokutana zilisema jambo jingine kabisa. Walioacha shule ndio wale wale waliokuwa wepesi kwenye mizani wakiwa wachanga, na masika korongo likijaa hakuna mama wa upande ule aliyeweza kuvuka na mtoto mgonjwa kwenda zahanati. Walikuwa wameanza maisha wakiwa nyuma, na hakuna aliyewangoja. Nililia pale pale mezani, maana nami niliwahi kuwacheka. Kwa hiyo usije ukafikiri nakukataza kazi yako. Bibi angeishi miaka mia asingeliona lile jambo peke yake, wala mimi.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mkubwa alinisifu mbele ya wenzangu, kisha akanipa kazi ya pili. Serikali ilikuwa na nafasi chache za kuwasomesha bweni, bila kuwalipisha kitu, watoto waliofaulu kutoka nyumba maskini. Nimchagulie kwa karatasi zile zile. Alikuwepo binti mmoja wa kijiji cha njia ya Balangdalalu, anaitwa Paskalina, baba yake amefariki, darasani haachi kuwa wa kwanza. Kadi yake ya kliniki ilikuwa ya kusikitisha. Lakini nilipofungua daftari la josho nikakuta zizi la mama yake limejaa ng'ombe kuliko la mwenyekiti wa kijiji. Nikajisemea, hapa yupo mtu anayejifanya maskini. Nikamwondoa.

Hilo ndilo nililokwenda kujigambia kwa bibi jioni ile. Nilimsimulia jinsi madaftari yanavyomuumbua mtu, nikacheka na kucheka. Yeye aliendelea kukamua. Halafu bila kugeuka akasema:

"Na huyu ninayemkamua, ni wa nani?"

"Si wa kwetu, bibi?"

"Babu yako alipokufa tulibaki na mbuzi tu. Hawa wote unaowaona ni wa watu. Wengine ni wa binamu yake, wengine wa Mbarbaig mmoja wa huko tambarare ambaye hujawahi kumwona. Maziwa ni yetu, samadi ni yetu, ng'ombe si wetu. Siwezi kuuza hata mmoja. Umesoma kwa maziwa yao, leo unamfungia mlango mtoto wa mwenzangu kwa sababu ya ng'ombe kama hawa hawa?"

Nakupa kwa Kiswahili, mwanangu, ila yeye alinigombeza kwa Kiiraqw, na ugomvi wa Kiiraqw una mifupa. Ulinikaa kooni usiku mzima.

Wewe umekulia mjini, ngoja nikueleze. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Huwagawa, awape watu wamtunzie, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize wote, wezi wakija wasikombe wote, na jicho la jirani lisimchome. Anayetunza hatangazi. Watoto wa nyumba hukua wakisema "ng'ombe wetu", kama nilivyokua mimi. Ndiyo maana zizi tupu laweza kuwa la tajiri, na zizi lililojaa likawa la mjane asiye na kitu cha kuuza mtoto akihitaji daftari. Hakuna mtu mzima Mbulu au Hanang asiyelijua hili. Mimi nami nililijua kwa watu wengine, sikulijua kwa nyumba yetu, na nilipokalia kiti cha ofisi nikalisahau kabisa. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, fungua uingie ndani.

Nikamwuliza, sasa nitajuaje? Maana kumwuliza mtu ng'ombe wake ni wangapi, au ni wa nani, ni kumvua nguo. Bibi akafikiri.

"Usiulize ni wa nani," akasema. "Uliza ng'ombe akifa, ngozi inapelekwa wapi. Wa kutunza akifa, ngozi hupelekwa kwa mwenyewe, ajue hakuuzwa."

Nikashuka kwenda kwa Mama Paskalina. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdomo unacheka, macho hayacheki. Akanikaribisha, akanipa maziwa, tukaongea mvua, tukaongea mahindi, maana kwetu neno zito haliingii nyumbani kabla ya maneno mepesi kukaa. Paskalina alikuwa mlangoni anachambua maharage, na masikio yake yote yalikuwa kwetu. Kisha nikauliza habari ya ngozi. Mama akasogeza kigoda chake karibu nami.

"Kumbe wewe ni wa hapa," akasema. "Nilidhani ni mtu wa ofisi." Akashusha sauti. "Ngozi zote zinatoka hapa, dada. Zote, isipokuwa ya yule mtamba mwekundu. Huyo ni wa kwangu, na bado hajazaa."

Kwa kuniamini akanitajia mwenye ng'ombe. Alipoona nimegusa penseli, akanishika mkono kwa nguvu. "Usiandike jina! Ng'ombe hawa amewaficha ili ndugu zake wasijue. Akisikia ametajwa ofisini, kesho anakuja kuwachukua wote. Na hawa wadogo watakunywa nini?"

Nikarudi kwa mkubwa wangu nikamweleza. Hakunifukuza. Alisema tu, "Nipe jina la mwenye mifugo, binti namrudisha leo hii. Bila jina, daftari linabaki lilivyo. Nikimkubali mmoja kwa maneno matupu, wote watakuja na maneno."

Na hakukosea, mwanangu. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, kwamba kila mmoja wetu alikuwa na haki kiasi chake. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Ningelitema, Paskalina angekwenda shule. Ningelitema, wadogo zake wangeamka asubuhi zizi likiwa tupu. Nililimeza. Nikamwomba mkubwa aniruhusu nipite nyumba zote za upande ule, si ya Mama Paskalina peke yake, niulize swali moja lile lile, na niandike ng'ombe wa kumiliki ni wangapi na wa kutunza ni wangapi, basi. Wa nani, nisiulize. Hivyo hakuna nyumba itakayoonekana imesema zaidi ya jirani yake. Akakuna kichwa, akakubali.

Kilikuwa kitu kizuri, lakini kilichukua muda. Watu wa kwetu hawasemi habari za mifugo kwa mgeni anayetazama saa. Nilipomaliza, shule za bweni zilikuwa zimeshafunguliwa na nafasi zimejaa.

Mwaka uliofuata jina la Paskalina lilikuwa juu kabisa, na barua nilikwenda kuipeleka mwenyewe, nimejaa furaha. Nilikuta ng'ombe wapya zizini. Mama yake alinikaribisha, akanipa maziwa, lakini hakunitazama usoni. Safari hii sikuwa na haja ya kuuliza ngozi inapelekwa wapi, maana hawa walikuwa wa kwake kweli. Ilikuwa mahari. Paskalina alikuwa ameolewa.

Mdogo wake alikuja kusoma baadaye, na watoto wengine wengi wa mazizi yenye ng'ombe wa watu, kwa sababu ya swali la bibi. Hilo hunifariji, siyo sana. Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilipaswa kulisema lile jina. Sijui mpaka leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nawachagulia watu kitanda.

Nilionana na Paskalina mara moja tu tangu hapo. Nilikuwa zahanati, siku ya kupima watoto, nakagua kadi. Akaja na mtoto mgongoni, akaniamkia shikamoo dada, nikaitikia, nikatamani ardhi ipasuke. Mhudumu alimweka mtoto kwenye mizani, nami kwa mazoea nikachukua kadi mpya kuijaza. Hakuwa na hasira. Aliweka kiganja chake juu ya ile kadi, taratibu, kama mtu anayefunika chakula, akasema:

"Huyu, dada, kabla hujamwandika, niulize."

Nikamwuliza. Tulikaa pale mpaka foleni ikaanza kunung'unika, na mengi aliyoniambia hayakuwa na mahali kwenye kadi. Aliniambia anasoma magazeti ya kufungia sukari, akimaliza anayatunza. Nikamwambia samahani. Akasema, "Najua ulipita nyumba zote. Nilikuwa nakuona." Basi akambeba mtoto wake akaondoka.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Unganisha hizo taarifa zako, tena kwa bidii, kwa sababu umaskini una tabia ya kujigawa vipande na kulala katika ofisi tofauti, kila ofisi ikiona kipande ikasema si kitu. Ukivikutanisha utaona njia nzima aliyopita mtoto, utaona alipojikwaa, na utaacha kumwita mvivu. Lakini usisahau kwamba kila kilichomo kwenye kompyuta yako kiliandikwa na mtu fulani, siku fulani, akiuliza swali alilopewa, na huenda swali lilikuwa siyo. Karatasi mbili zilizokosea ukiziunganisha hupati ukweli, unapata kosa lenye nguvu. Ukiona jambo linalokushangaza, mjane mwenye zizi lililojaa, usiseme umemkamata mtu. Sema kuna desturi hapa sijaielewa, kisha vaa viatu vya tope uende. Kuuliza si ujinga.

Na siri za watu zilinde kuliko unavyolinda simu yako. Umeniambia majina mnayaondoa, vizuri sana. Ila mahali penye mjane mmoja na zizi moja, hata usipotaja jina kijiji kizima kitajua. Mfiche kati ya wenzake. Na tena usichelewe. Hili nalisema mwisho kwa sababu linaniuma: ninyi mna miaka ya kutafiti, ripoti zenu zinangoja, lakini msichana wa darasa la saba hangoji. Mkishaona, semeni mapema, hata kama meza bado haijawa safi.

Nimemaliza, mate yamenikauka. Nenda na kazi yako, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe moyo wa kusikia na subira ya kukaa kwenye kigoda cha mtu mpaka aseme lililomtoa machozi. Mvua ikukute umeshapanda. Na kila uliyemwandika, mkikutana njiani, akutazame usoni.