Liwa Ndani ya Kompyuta ya Poongodi

Mke wangu Poongodi alifundisha watu kupiga chapa hapa Karaikudi, kusini mwa India, miaka thelathini na moja. Alianza na mashine za chuma, mwisho akawa na kompyuta. Mimi natengeneza baiskeli, mlango wa pili. Shule sikwenda.

Kila asubuhi akiiwasha alikuwa akiniambia, "Ngoja, inajikagua. Ramu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Ikitimia, inalia mara moja. Ikikosa kitu, inalia zaidi; ramu ni mara tatu, na kioo hakifunguki."

"Baiskeli yangu haiulizi. Napanda, inakwenda."

"Ndiyo maana ilikubwaga mbele ya posta."

Alifariki mwezi wa Machi. Ndani ya diski aliacha sauti yake, akiwasomea wanafunzi imla. Picha zake ninazo. Sauti imo humo tu. Ilavarasi, msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa fundi wa kompyuta, aliipanga hivi: nikiiwasha, ikishaamka, imla inaanza yenyewe, maana kusoma sijui.

Ikafika Ayudha Puja, siku ya kuvipumzisha vyombo vya kazi. Kila chombo huoshwa, kikapakwa liwa, ule msandali uliosagwa, na nukta ya unga mwekundu. Spana zangu nilizimaliza mapema. Kompyuta alikuwa akiipaka Poongodi mwenyewe, nukta moja juu ya boksi, basi. Mimi niliona hiyo ni heshima ya juujuu. Nikafungua ubavu wa boksi, nikapangusa kwa kitambaa kibichi, nikapaka liwa kila nilichokiona: feni, ubao mkuu. Vibao vya ramu nilivichomoa, nikavipaka, nikavirudisha.

Kesho yake nikabonyeza. Taa ikawaka, feni ikazunguka. Kisha ikalia mara tatu. Kioo cheusi.

Wiki moja kabla, Ilavarasi alikuja kuipuliza vumbi. Nikamfuata kwenye kibanda cha chai cha Pandi. Walikuwepo watu wanane hivi.

"Umeiba ramu ya mwalimu wako," nikasema. "Umetuwekea mbovu."

Pandi akacheka. "Mzee, umeamkia upande gani leo?"

"Muulize huyu mwizi."

Ilavarasi akaweka glasi chini, chai haijafika nusu. "Twende tukaione, Baba."

Akalaza boksi, akalifungua. Harufu ya liwa ikatoka. Akachomoa ramu, akaitazama. Alama ya kidole gumba changu ilikuwa pale, na unga mwekundu katikati.

"Nani alifungua?"

"Sijui," nikasema. Kucha zangu zilikuwa bado na liwa.

Ilavarasi akazitazama kucha zangu. Akatoa kifutio cha penseli, akasugua meno ya ramu polepole. Kwa brashi kavu akatoa liwa kwenye tundu lake.

"Na diski?" nikauliza. "Sauti yake?"

"Diski imefungwa pande zote. Mwalimu alikuwa akituambia, ramu ni meza, diski ni kabati. Umechafua meza, Baba."

Akabonyeza. Ikalia mara moja, kwa kifupi. Kioo kikafunguka, na Poongodi akasema, "Tayari? Andikeni. Mheshimiwa, kuhusu barua yako ya tarehe tisa..."

Sikuweza kumsikiliza Poongodi, binti yule akiwa pale anafuta mikono. Nilitafuta neno la kumwambia. Nililolipata ni hili:

"Twende kwa Pandi. Chai yako imepoa."

"Nenda tu, Baba. Nina kazi."

Nikaenda peke yangu. "Mwizi hakuna," nikasema. "Ni mimi nilitia liwa."

"Ulitia wapi?" akauliza Pandi.

"Ndani. Kwenye ramu."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Niliwaacha wacheke. Lakini kati ya wale wanane wa asubuhi walikuwa wamebaki wawili tu. Wengine walikwisha kuondoka na neno langu la kwanza, lile la wizi.

Siku hizi Ilavarasi anakunywa chai ng'ambo ya barabara. Tukikutana ananiamkia vizuri, ananiita Baba, anapita. Asubuhi nawasha kompyuta. Inajikagua, inalia mara moja, inaamka. Poongodi anasema, "Tayari?" Nami nasema, "Bado sijamwomba radhi," nazima.