Yeftha na Sufuria ya Akina Mama

Mimi nina hasira za karibu. Waliponichagua kuwaongoza akina mama wa kanisa letu, huku mlimani juu ya mji wa Ogembo, mama yangu alicheka kwanza ndipo akanipa pongezi.

Sabato hiyo nilifundisha habari za Yeftha, yule kiongozi aliyeweka nadhiri kwa haraka, nadhiri ikamwangukia binti yake. Nilifundisha vizuri, sitajishusha. Niliwaambia kiongozi hulipima neno kabla halijamtoka. Tulipofunga Biblia, mmoja akauliza iko wapi sufuria kubwa, ile ya kupikia matanga na harusi. Nikasema iko kwa jirani yangu, mjane aliyeketi benchi la nyuma. Baada ya mazishi ya mwisho nilimpa mtu wa bodaboda ampelekee, kwani ilikuwa zamu yake kuitunza.

"Haikunifikia, mwalimu," akasema polepole.

Upole wake ndio ulionichoma. Nikasimama. "Kama sufuria hiyo iko kwangu, mtoto aliye tumboni mwa binti yangu asilione jua."

Na wale wanawake, ambao huitikia kila ninapomaliza kusema, wakaitikia kwa mazoea tu: "Amina."

Amina hiyo ilikifunga kiapo changu. Kwetu kiapo si mchezo. Zamani watu waliapa ili kumaliza kesi, na hata leo kuna nyumba zinazooneshwa kwa kidole, eti hapo mtu aliapa uongo, watoto wakaisha. Nyumba ya jirani yangu ni mojawapo, kwa sababu alizika watoto wawili. Mchungaji husema hayo ni giza. Nikiwa kanisani nakubaliana naye.

Jumanne nilienda banda la kuni kutafuta gunia la kubebea majani ya chai. Nililiinua, na sufuria ilikuwa chini yake. Nilipompigia simu yule wa bodaboda, akasema alikuta lango la jirani limefungwa, akaiacha kwangu bila kuniambia. Nikaketi palepale chini. Binti yangu, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika, alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Mama, mbona unalia?"

"Ni moshi," nikamwambia, na moto ulikuwa haujawashwa.

Ningeweza kuirudisha stoo ya kanisa kimyakimya. Nilipanga hivyo siku mbili nzima, nikijiambia kiongozi akiaibika kundi litatawanyika. Alhamisi binti yangu akasema mtoto hajacheza tumboni tangu asubuhi. Tulienda kliniki, nesi akasikiliza, akasema moyo unapiga vizuri. Niliogopa vilevile. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga.

Sabato niliingia na sufuria kichwani, nikaitua mbele ya akina mama.

"Ilikuwa kwangu," nikasema. "Nilimsingizia dada yetu. Maneno niliyoyatamka juu ya mtoto wa binti yangu nayaondoa, Mungu anisamehe, na dada yetu anisamehe."

Nikangoja. Hakuna aliyeitikia. Wote waligeuka kumtazama yule mjane, na yeye alikuwa akiitazama sufuria. Nilitamani apige kelele, anitukane, mradi aseme neno.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "watoto wangu walisemwa miaka mingi. Wewe pia uliwasema. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuondoa neno lake."

Ni kweli. Nilikuwa nimewasema, tena kisimani, nikicheka.

Kisha akasema, "Lakini huyu aliye tumboni hajakosa kitu. Amina." Wengine wakafuata.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo, wa kike, akalia mara moja. Jirani yangu ndiye aliyetangulia kufika na uji, akampakata muda mrefu. Sasa mtoto ana meno mawili. Nikisikia amekohoa, naacha kikapu katikati ya chai na kukimbia nyumbani. Nami bado nafundisha, ila akina mama wakiitikia Amina, naanza kukumbuka nimetoka kusema nini.