Taa za Zengo

Jumatano ile Zengo alifika gereji ya Joakim, nyuma ya soko la Bariadi, akiwa na taa mbili kubwa alizozifunga kwenye gunia, na hakutaka hata kukaa. Alipewa kigoda, akakikataa. Alipewa maji, akayaacha.

"Nifungie leo leo," alisema. "Kesho naanza kubeba pamba."

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu biashara ya pamba ilipoachiwa kila mwenye mtaji, na kila wiki wakala mpya alikuwa akiingia mjini kutafuta magari ya kukodi. Zengo alikuwa na pikapu yake, Peugeot 404 kuukuu iliyopigwa rangi nyeupe kwa brashi, na wakala mmoja alikwishamwahidi kazi ya msimu mzima. Wakala huyo hakujua jambo moja. Hakuna aliyelijua. Tangu masika, jua likianza kuzama, macho ya Zengo yalikuwa yanazama nalo. Mti aliuona, ng'ombe aliwaona, lakini sura ya mtu ilimpotea kabisa.

Wiki mbili nyuma, jioni, alimpita mama mkwe wake barabarani. Kwa Wasukuma hilo si dogo. Mkwe husimamisha gari, akashuka, akavua kofia, akainama na kusalimia kwa mbali. Zengo alipita moja kwa moja na kumwachia mama wa watu vumbi. Ukoo mzima ukasema soko huria limempanda kichwani. Naye, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akaona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko aitwe kipofu, maana mwenye kiburi hupewa pamba abebe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani hukikumbuka kifo wakati wa msimu?

Jua lilipoteremka Joakim alizifunga taa kwa vipande vya tyubu, kwa kujaribu tu, kabla ya kutoboa bati. Kwanza juu ya paa. Zengo akakaa kwenye usukani, akaamuru ziwashwe, na mwanga wote ukagonga boneti nyeupe na kumrudia machoni.

"Toa! Toa huko!"

"Na ukishapakia magunia mpaka juu ya kichwa cha gari, yatazifunika," alisema Joakim. Akazishusha katikati ya bampa, akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapa zinaziba rejeta. Utachemsha kabla hujafika Kiloleli. Zikae pembeni mwa bampa, mzee wangu, moja huku moja kule. Zikiwa chini zinapita chini ya vumbi."

"Sawa. Ila ya kushoto igeuze nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye njia ya waenda kwa miguu."

Joakim alisimama na spana mkononi. Alikuwa amefunga taa za watu wengi, na wote walitaka kuona barabara. "Mzee, sasa unaendesha gari au unawinda?"

"Geuza!" Zengo alifoka, kisha akaona haya kwa kufoka. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikukaa mahali pamoja. Alishuka, akapanda tena, akapangusa kioo ambacho hakikuwa kichafu. Joakim akaigeuza taa.

Ndipo mwanamke akaingia kwenye ule mwanga, akitembea ukingoni mwa barabara, kitenge kichwani. Zengo aliona umbo, mwendo wa taratibu, na kitenge kilichofungwa kwa mtindo wa akina mama wa zamani. Aliruka chini, kofia mkononi, akainama mbele yake kwa mbali kama inavyompasa mkwe.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kama mama, kwa Kisukuma. "Mayu, unisamehe. Siku ile sikukudharau."

Mwanamke yule alisimama. Kati yao hazikuzidi hatua sita.

"Baba Joyness," alisema, "ni mimi."

Alikuwa Kwandu, mke wake wa miaka ishirini na minane, aliyekuja kumwita akale. Joakim aliizima taa bila kuambiwa.

"Tangu lini?" Kwandu aliuliza.

"Tangu masika."

"Na mimi nikakaa na mama, nikamwambia ni kweli, mume wangu amebadilika." Akaanza kulia pale pale, kwa sauti, bila kujali wapita njia. Alikuwa amemnunia siku kumi na nne.

"Ningesemaje, Mama Joyness? Dereva asiyeona watu atapewa kazi na nani?"

Joakim aliokota drili, akauliza taratibu kama atoboe pembeni au vipi. Zengo aliipapasa bampa, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kumpa.

"Endesha wewe. Tupeleke kwa mama mkwe kwanza. Wakala nitamwambia mwenyewe kesho."

Akazunguka upande wa abiria. Miaka yote aliyokuwa na gari lile hakuwahi kuukalia, na hakujua kwamba mlango wake ulikuwa mgumu kiasi hicho. Kwandu akaingia, akakaa katikati. Walipoifikia barabara ya Maswa, Zengo aliteremsha kioo.

"Mkimwona mtu pembeni," alisema, "niambieni ni nani, nimsalimie."