Mashine za Bwana Twaha na Eda ya Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuka Feri asubuhi na leso mpya na woga tele. Ofisi ilikuwa ya kutolea mizigo bandarini, na aliyenipokea ni Bwana Stoo, Mzee Nyamawi wa Kaloleni, mtu mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alinipa ndoo, kitambaa na amri moja.

"Mama, futa kila kitu humu ndani. Lakini chenye waya kiache na vumbi lake."

Chenye waya kilikuwa kompyuta, ya kwanza kuingia ofisi ile. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule kwetu Likoni. Herufi nazijua, ila kuzipanga kunanichukua muda. Basi nikatii. Vumbi likapanda juu ya mashine ile hata ukiweka kidole chaacha alama, mpaka Karani Mkuu, Bwana Twaha, akaniita.

"Bi Mejumaa, mashine hii imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Bwana. Nimekatazwa."

Akacheka, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza chomoa umeme. Kisha kitambaa kikavu kwenye kioo, na brashi laini kwenye kibodi, yaani yale meno ya kupigia herufi. Tangu siku ile kazi ya kufuta vyenye waya ikawa yangu, na Mzee Nyamawi akawa akipita ananitazama kwa pembe ya jicho kama mtu anayengoja nipigwe na umeme.

Miaka ya tisini ilipoingia, ofisi ikanunua kompyuta mpya. Zile za zamani zikarundikwa stoo zingoje kutupwa. Bwana Twaha akaziomba, akapewa, zikapelekwa kwake Mji wa Kale kwa mkokoteni. Haukupita muda naye akastaafu, akaniambia nimfuate. Hivyo ndivyo nilivyohama ofisi, nikawa mtunzaji wa mashine za mtu mmoja, juu ghorofani, katika chumba chenye dirisha la kutazama kichochoro. Nyingine alizikusanya kidogo kidogo. Moja aliikuta Marikiti, muuza vitunguu ameifanya kigoda.

Wajukuu zangu, ninyi mnaozaliwa na simu mkononi, nawaeleza kazi ile ilivyokuwa. Hapa kisiwani mashine ina maadui watatu: chumvi ya bahari, unyevu, na chokaa inayopukutika kutoka kuta za mawe. Kila mashine niliishonea vazi lake la kitambaa cha marekani. Ndani yake mna betri ndogo, na ikizeeka hutoka ute wa kijani unaokula ubao wa nyaya. Ute ule twausugua kwa siki na mswaki, kisha twapitisha spiriti. Mna pia kondensa, vikopo vidogo vya kuwekea umeme, ambavyo vikichoka huvimba vichwa. Hivyo vilikuwa kazi ya Fundi Kilonzo, Mkamba aliyestaafu kazi ya mawasiliano ya reli. Yeye ndiye aliyeshika pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na kila mara alianza kwa kukata tamaa.

"Twaha, hii imekufa. Iage."

"Wewe ndiwe uliyechoka, Kilonzo. Washa pasi."

Sheria kubwa ya Bwana Twaha ilikuwa kila mashine iamshwe mara moja kwa wiki, ili joto lake lenyewe likaushe unyevu. "Isipowashwa ni bati," alikuwa akisema. Mimi ndimi niliyeziwasha, yeye akisimama nyuma yangu mikono mgongoni.

Kisha moyo wake ukasimama, siku moja baada ya alasiri, ghafla.

Mkewe, Bi Rukia, akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi nyumbani mwake, na wanaume wasio maharimu zake hawaingii alipo. Fundi Kilonzo basi hakuweza tena kupanda ngazi. Mimi nilikuwa natoka na kuingia, lakini nyumba ya msiba haitaki mavumo ya mashine, kwa hiyo sikuziwasha. Zikakaa na mavazi yao, kimya, wiki baada ya wiki.

Bwana Twaha na Bi Rukia hawakujaliwa mtoto. Katika mirathi robo ilikuwa ya mjane, na iliyobaki ya ndugu wa marehemu, Bwana Mselem, muuza boriti wa Lamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja akasimama chini mlangoni, akanituma kwa shemeji yake ujumbe wa adabu kabisa: mashine zile ni vyuma, amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma vikuukuu wa Makupa, na siku eda itakapokwisha mkokoteni utakuja kuzichukua.

Nikampelekea. Bi Rukia alikuwa ameketi juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Akaiweka kando.

"Mejumaa," akasema, "mume wangu ameondoka, na miaka yake yote ameiacha mle chumbani. Leo ipimwe kwa ratili?" Akaivuta leso. "Mwambie shemeji yangu hivi. Moja ikifanya kazi naye yuko hapo, asiuze. Zikishindwa zote, sitasema neno."

Bwana Mselem akakubali. "Lakini kesho asubuhi. Adhuhuri nina basi la Lamu."

Hapo sasa. Fundi yuko chini, mashine ziko juu, na katikati yao niko mimi, darasa la tatu. Tulichokuwa nacho ni dirisha na kapu. Kila nyumba ya Mji wa Kale ina kapu lake la kamba, la kumteremshia muuza mboga pesa bila kushuka ngazi. Asubuhi Fundi Kilonzo akaketi barazani na sanduku lake la zana, Bwana Mselem kando yake, na Shee muuza kahawa akaweka birika lake la dele papo hapo, kwa kuwa alinusa pana jambo.

"Mama Saumu!" Fundi akaita, maana yeye huniita kwa jina la binti yangu. "Anza na ile kubwa ya ofisini, yenye printa!"

Nikaivua vazi. Nikanuia, nikabonyeza.

"Imewaka?"

"Haijawaka!"

"Wasikia feni?"

"Nasikia moyo wangu tu!"

"Si niliwaambia," akasema Bwana Mselem.

"Kunywa kahawa, Bwana," Shee akamjibu. "Aliyelala muda mrefu haamki kwa kelele moja."

Fundi akanielekeza nichomoe umeme, kisha nitafute nyuma ya mashine kifuniko cha mviringo, nikizungushe kwa bisibisi. Kikatoka kipande cha kioo chembamba chenye uzi ndani yake. Ile ndiyo fyuzi. Kazi yake ni kukatika ili mashine isiungue. Nikaitia kapuni, nikaiteremsha. Fundi akaishika juani, akatikisa kichwa. Uzi ulikuwa umekatika. Akatia nyingine, ameifunga kwa pamba, nikalivuta kapu.

Nilipobonyeza tena, feni ikavuma. Kioo kikatoa mwanga wa kijani, na pembeni pakawa na kile kijimstari kinachopepesa, chasubiri. Sikujua kama napiga kelele mpaka nilipomsikia Bi Rukia akigonga ukuta.

"Imewaka!" nikaita.

Bwana Mselem hakutikisika. "Kuwaka hata kandili yawaka. Ifanye kazi."

"Ifanye kazi gani?" akauliza Fundi.

"Iandike jina langu."

Fundi akanisomea amri herufi moja moja, nami nikiitafuta kila moja kwa kidole, nikiirudia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mstari wa kwanza uliiambia printa ipige jina. Mstari wa pili uliiambia mashine irudi mstari wa kwanza. "Asije akasema ni bahati," Fundi akaongeza. Kisha nikatia amri ya kuanza.

Lo! Printa ile ya sindano ililia kama cherehani iliyopagawa. Karatasi zake ni ndefu, zimeungana, zina matundu pembeni. Ikaanza kutoka: MSELEM, na chini yake MSELEM, na chini yake MSELEM. Nikaitia ncha kapuni nikateremsha, na karatasi ikafuata. Kapu likafika chini, na karatasi bado yaja. Fundi alisimama akipunga mikono, mdomo wazi, ananiambia pa kubonyeza ili isimame, lakini kwa kelele ile nani atasikia?

"Sikusikii, Fundi!"

Karatasi ikashuka ukutani, ikamfikia Bwana Mselem mabegani. Wapita njia wakasimama. Wengine walisoma kwa sauti.

"Bwana Mselem," Shee akasema, "wagombea ubunge?"

Ndipo yule bwana akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, mtu ambaye tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake. "Hata mama yangu hakuniita mara nyingi hivi!" Kisha akaketi, karatasi imejaa mapajani, akaanza kuikunja taratibu, kunjo juu ya kunjo, na kicheko kikamwishia.

Niliona bora nichomoe waya. Printa ikanyamaza.

"Kila akija Lamu, ndugu yangu akinambia, njoo Mombasa uone," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Nami namwambia boriti zangu zangoja." Akainua uso kutazama dirisha, akapaza sauti ili ifike ndani. "Fundi, wewe na Shee ni mashahidi. Fungu langu katika mashine hizi nimemwachia shemeji yangu. Wa Makupa nitamwambia mwenyewe."

Bi Rukia akaniita nyuma ya mlango. "Amesemaje?"

"Amesema zabaki, Bi. Zote ni zako."

Nilisikia anapenga kamasi. "Basi hebu ifunike, chokaa isiingie."

Bwana Mselem aliondoka na karatasi yake kwapani. Siku eda ilipokwisha, Bi Rukia alikoga, akajifukiza udi, akavaa leso nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaingia chumba kile. Maisha yake yote na mumewe alikuwa akiishia mlangoni na sinia ya chai. Akaizunguka ile kubwa, akaishika mgongoni.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Sasa tumebaki sisi. Mejumaa, huwashwa wapi?"

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, naye alinipita haraka, kwa maana alikuwa amesoma. Fundi Kilonzo akarudi kupanda ngazi siku nilizokuwapo, mlango ukiwa wazi, na tabia yake ya kukata tamaa ilikuwa ile ile. Magoti yangu yalipozikataa ngazi, Bi Rukia hakutaka niondoke kabla hatujapata wa kukaa nao Fundi anapokuja. Fundi mwenyewe akamleta mkewe, Mama Mutheu, nikamkabidhi brashi, siki na spiriti.

Sasa niko nyumbani Likoni. Wengi huniuliza mashine zile zilikuwa na faida gani, maana hazikuandika barua ya mtu wala hazikutoa mzigo bandarini tena. Sijui kuwajibu kwa maneno ya wasomi. Najua tu kwamba nikivuka kwenda kumtazama Bi Rukia, humkuta ghorofani na miwani puani, mashine moja imefunuliwa mbele yake, naye anamgombeza Fundi kwa kuacha matone ya risasi juu ya meza ya mumewe.