Nyongeza ya Bibi

Kwa jumla kifafa changu kilitugharimu tenga moja la usipa, wale dagaa wa ziwani, mkeka mmoja na usingizi wa bibi mzaa mama. Nimehesabu mara mbili.

Tenga lilitangulia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia Mbinga, wakulima wana fedha mkononi, nami nikapandisha usipa kutoka ziwani. Nikaanguka katikati ya soko. Watu walikimbia wakiogopa mate yangu yatawaambukiza. Hata wezi wa siku zote walikimbia. Nilipozinduka usipa ulikuwepo wote, ila mnunuzi hakuna. Nikahesabu mafungu: kumi na mawili. Nikarudia: kumi na moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Hakuna aliyeiba, kwa hiyo kilichopungua kilikuwa kichwani mwangu.

Muuguzi wa hospitali ya kule ziwani alinipa vidonge. Akasema kifafa kikishika muda mrefu bila kuachia huweza kuumiza ubongo, na kwamba wengine, mara chache, hukutwa wamekufa kitandani.

"Nikinywa siku za soko tu?"

"Mama, hapa hatupunguziani. Kunywa kila siku, na usilale peke yako."

Nyumbani kila mtu akawa na sababu. Shangazi alisema anakoroma, asingependa kunisumbua. Bibi akakubali, kwa mkeka mpya na kiganja cha usipa kila atakaponiamsha kunikagua.

"Nusu kiganja," nikasema.

"Basi nitakuamsha nusu."

Tukaafikiana kiganja kizima. Akawa ananiamsha kila anapotoka kujisaidia, ananiuliza kumi na mbili ukitoa tano, asubuhi anadai.

"Bibi, lakini uliamka kwa haja zako!"

"Kwani wewe hukuamka?"

Alfajiri moja nilijikuta nimelazwa ubavu, ulimi nimeuuma, bibi kanishika bega. Kifafa kilikuwa kimenikuta usingizini, uso nimeuzamisha kwenye mto. Yeye ndiye aliyenigeuza. Kulipokucha akadai viganja vitatu, vyote vya zile mara alizotoka kujisaidia.

"Umesahau kimoja, bibi."

"Hicho ni nyongeza. Wateja wako wanasema hujui hata inafananaje."

Ni kweli, nilikuwa sijawahi kumwongezea mtu hata samaki mmoja. Sasa nyinyi wenzangu wa sokoni, nishaurini, maana hesabu hii nimeipiga mara mbili na haikai: nyongeza ya namna hiyo hulipwa viganja vingapi?