Ndama Asiye na Alama

Wacha niwaambie mwenyewe, kabla wenzangu wa baiskeli hapa Eldoret hawajawaambia. Tulikuwa Pwani, tukiendesha barabarani, bahari kushoto, hifadhi ya wanyama kulia. Mbele yetu nikaona ndama amesimama peke yake kando ya lami.

Kwetu Moiben, ndama aliyepotea hapitwi. Leo ni wa jirani, kesho ni wako. Nikashuka, nikampigia mluzi, nikamshika sikio nitafute alama ya mwenyewe. Hakuna. Nikaanza kumsukuma polepole, nikiuliza boma la karibu liko wapi. Wenzangu walikuwa wamenyamaza; nikadhani ni heshima.

Askari wa hifadhi aliyekuwa akilinda kando ya barabara akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mwachilie. Huyo ni mtoto wa nyati. Mwenyewe yuko nyuma yako."